Chumba Kimoja na Baraza: Safari ya Wampembe



Mwanadamu aweza kukaa miaka mingi akiutazama msingi wa nyumba yake mwenyewe asiuone. Mimi nimekaa minne. Nilichimba msingi wangu huko Sumbawanga, upande wa kuelekea milima ya Mbizi, mwaka 2020. Ilikuwa iwe nyumba ya vyumba sita na sebule kubwa ya kupokelea wageni, na ramani yake niliichora mwenyewe katika karatasi ya miraba, kwani umri wangu wote nimeumaliza katika kufundisha hesabu, na siwezi kuiona karatasi ya miraba nikaipita. Kiinua mgongo changu kikaishia katika mawe, mchanga na saruji. Kuta zikafika kimo cha goti, zikasimama hapo, na majani yakaota sebuleni. Mama watoto hakunilaumu. Alilolisema lilikuwa moja tu, tena mara moja tu, ya kwamba lau ningaliezeka vyumba viwili tungalikuwa tumekwisha kuacha kulipa kodi ya watu. Sikumjibu. Niliona kwamba mtu wa rika langu, mwenye wakwe na wanafunzi wa zamani walio wakubwa serikalini, hana sura ya kukaa katika vyumba viwili.

Hayo nimeyatanguliza ili msomaji ajue nilikuwa na macho ya namna gani nilipoteremka Wampembe katika mwezi wa Julai 2024, mwanzo wa mwaka 1446 wa Hijra. Sikwenda kutembea. Mjomba wangu, ndugu yake mama aliye mdogo, ni seremala wa vyombo katika ufuko ule, naye aliniletea salamu kwamba miguu yamsumbua, na kwamba angependa tuonane kabla mmoja wetu hajatangulia.

Sumbawanga katika mwezi wa Julai ni baridi ya kuvaa makoti mawili. Gari liliondoka alfajiri kwa njia ya Namanyere, likapita katika nyanda zile za Ufipa zilizo wazi kama kiganja, ambako jicho halizuiwi na mti, na ambako wakulima bado huonekana wakiinua matuta ya ntumba, yaani vichuguu vya udongo ambavyo majani hufukiwa ndani yake yakaoza yakawa mbolea ya mazao yajayo. Kabla ya kuacha njia kuu tulisimama kubadili gurudumu, nami nikapata nafasi ya kulitazama tena ilungu moja nililolijua tangu ujana. Malungu ni tanuru za kuyeyushia chuma za wazee wetu. Zimejengwa kwa udongo, kimo chake hupita mita 3, na chini yake mna matundu mengi ya kuingizia upepo. Ajabu yake ni kwamba katika tanuru hiyo hapakuwa na mviva hata mmoja: urefu wenyewe wa ilungu ndio ulioivuta hewa, moto ukajipuliza. Mivuba ilitumika baadaye tu, katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, ambamo chuma kilisafishwa kabla ya kufuliwa majembe. Profesa Bertram Mapunda aliyachunguza mabaki haya ya Nkasi kwa miaka mingi, na utafiti wake wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kabla ya malungu palikuwapo namna nyingine ya tanuru, fupi na ya kale zaidi.

Siku ile nililizunguka ilungu mara mbili. Hakuna pambo lolote juu yake, wala hapana hata shibiri moja iliyoongezwa kwa ajili ya fahari, na hata hivyo ni jengo zuri kuliko majumba mengi niyajuayo. Waliolijenga walikuwa watu wale wale ambao wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari za nguo zao za pamba, walizozifuma wenyewe kabla nguo za madukani hazijawatoa katika kazi hiyo. Basi dereva akapiga honi, nikapanda.

Kutoka Kitosi njia hugeuka kuelekea machweo, na baada ya mwendo ardhi hukatika. Nyanda ziko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko katika mita 770 au zaidi kidogo, na tofauti hiyo yote gari huishuka kwa makona. Makoti huvuliwa moja baada ya jingine. Miti ya miombo huanza, kisha joto, kisha kati ya mabega ya vilima huonekana Ziwa Tanganyika, la buluu nzito, urefu wake kilomita 670 na kina chake karibu mita 1,470; duniani ni ziwa la Baikal peke yake lililo na kina kupita hicho. Ng'ambo, siku ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana kama moshi uliokataa kuondoka.

Nilitazamia kuukuta ufuko umejaa dagaa walioanikwa na harufu yake. Nikaukuta mtupu. Nilikuwa nimesahau kwamba mwaka ule, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulifungwa katika ziwa zima ili samaki wapate kuzaana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mitumbwi na maboti yalikuwa yamevutwa juu ya mchanga, yamelala ubavu, na chini ya kila kimoja watu watatu au wanne wakigonga, wakiziba nyufa, wakipaka rangi. Mtu aliyezoea kumwona mvuvi usiku, na taa yake juu ya maji, humwona mfupi anapokuwa nchi kavu mchana. Nyuso hazikuwa na furaha. Miezi mitatu bila dagaa ni miezi mitatu ya kukopa unga.

Nilimkuta mjomba ameketi juu ya gogo, mguu mmoja ameunyosha, akimwelekeza kijana kwa fimbo.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na koti? Litundike, hapa halina kazi.”

Nikatafuta kwa macho nyumba yake niliyoijua, nyumba ya vyumba vinne yenye ukumbi, ambayo katika utoto wangu ilikuwa kipimo changu cha ukubwa. Haikuwapo. Mahali pake palikuwa na maji, na mtumbwi mmoja umefungwa katika shina la mwembe uliokufa. Msomaji atakumbuka kwamba tangu mwaka 2020 maji ya ziwa hili yalipanda mno, hata bandari ya Kigoma ikaingiliwa, na huko Burundi na Kongo mitaa mizima ikahamwa. Hapa nyumba ya mjomba ilichukuliwa mwaka 2021. Lakini haikuchukuliwa nzima. Maji yalipofika katika ngazi ya mlango, yeye na majirani waliivunja kwa siku mbili: mabati kwanza, kisha kenchi, kisha milango na miimo yake, kisha hata misumari, ikanyooshwa na kutiwa koponi. Alinieleza kwamba chombo huvunjwa kwa mpango ule ule kilioundwa, kwa kurudi nyuma, na asiyeujua mpango huo huharibu mbao. Akanikumbusha habari za meli ya Liemba, ambayo katika ujana wake ilikuwa ikisimama mbali usiku na kupiga king'ora, na mitumbwi ikaenda kuwapokea abiria gizani. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya. “Basi nyumba itashindwaje?” akasema.

Nyumba aliyoijenga kwa mabaki hayo iko juu kidogo, palipo na mawe. Ni chumba kimoja na baraza. (Vijana wa siku hizi wameliharibu neno la nyumba ndogo hata mtu mzima aona haya kulitamka, mimi nasema nyumba iliyo ndogo, msomaji anielewe hivyo.) Niliipima kwa hatua, kama ilivyo ada yangu mbaya: ndani ni hatua sita kwa nne. Baraza ni pana kuliko chumba.

Niruhusiwe kukaa kidogo katika chumba hiki. Kuta ni za tofali za udongo. Katika kimo cha juu ya mlango, ubao mmoja mpana, uliokuwa ubavu wa boti, umezunguka kuta zote nne kama mkanda, na juu yake kila kitu cha nyumba kina mahali pake: masufuria, mashuka, sanduku la dawa, msahafu katika kitambaa chake, taa. Hakuna kabati. Kitanda kimeinuliwa hadi kimo cha kiuno, na chini yake mna visanduku vitatu vinavyovutwa, vya nafaka, vya nguo na vya zana. Meza ni mlango wa zamani wa chumba cha wageni. Umefungwa ukutani kwa bawaba; wakati wa chakula huteremshwa, kikiisha hupandishwa na kufungwa kwa komeo. Katika unene wa ukuta, upande wa kibla, amechimba shubaka mbili ndogo za kuwekea tasbihi na kopo la kalamu. Nilimwambia kwamba katika nyumba za kale za Lamu ziko kuta nzima za shubaka kama hizo, za chokaa iliyonakshiwa, ziitwazo zidaka. Hakujua. Alisema yeye aliona tu kwamba ukuta ni mnene na unakaa bure.

Dirisha ni moja, nami mwanzo niliona ameliweka chini mno, kama kosa la fundi asiyetumia kamba. Jioni, nilipoketi mkekani, nikaelewa. Limewekwa kwa jicho la mtu aliyeketi. Ukisimama waona mchanga. Ukiketi waona ziwa lote.

Lakini nakshi ya nyumba si kazi ya mjomba. Ni ya mkazamjomba. Kila mwaka mvua zikiisha huzisiliba kuta upya kwa udongo wa namna tatu, mweupe wa korongoni, mwekundu wa kichuguu, na wa kijivu anaouchanganya na majivu. Nilisimama mbele ya ukuta wa barazani muda mrefu nikijiuliza nimeuona wapi. Hatimaye nikacheka mwenyewe. Ulikuwa khanga. Pembeni umezungukwa na pindo la pembetatu nyekundu na za kijivu, katikati mji mweupe usio na kitu ila duara moja, na chini ya duara, mahali pa jina, ameacha nafasi tupu. Nilimwuliza kwa nini hakuandika neno. Akasema, “Sijapata la kumwambia mtu mwaka huu.”

Nikawa siku tano katika nyumba ile. Usiku wa kwanza nilijiona nimebanwa. Usiku wa tatu nilianza kufikiri habari za vyumba vya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kule Madina. Imepokewa kwamba Hasan al-Basri, alipokuwa kijana, katika ukhalifa wa Uthman, aliingia katika vyumba vile akaigusa dari kwa mkono wake. Vilikuwa vya tofali mbichi na makuti. Vilivunjwa mwaka 88 wa Hijra msikiti ulipopanuliwa kwa amri ya Khalifa Al-Walid, na imepokewa pia kwamba watu wa Madina walilia siku ile, na wengine walitamani viachwe ili vizazi vijavyo vione. Habari hizo nimezisoma mara nyingi na kuwasomea watoto. Sikuwahi kuzipima kwa hatua.

Sikusudii kuusifu ufukara, ambao hausifiwi ila na wasiokaa nao. Kuna tabu katika chumba kimoja. Mkazamjomba aliposhikwa na homa siku ya nne, wanaume wote tulishinda barazani, na mvua ingalinyesha tungalilowa. Mjukuu wao, kijana wa miaka 19, hulala kwa jirani, na mtu anayelala kwa jirani miaka mitatu huanza kuwa wa jirani. Mjomba mwenyewe, nilipoisifu nyumba kwa maneno mengi ya kimwalimu, alinikata: “Nyumba ile kubwa naililia, usidhani siililii. Ila vyumba viwili tulikuwa tukivifungua kwa Idi tu. Panya walivijua kuliko mimi.”

Juu ya mjukuu huyo palikuwa na neno, na kumbe ndilo lililoniitia, miguu ilikuwa kisingizio. Kijana anajua useremala, ila moyo wake uko katika rangi. Maboti karibu yote yaliyovutwa ufukoni mwaka ule yalipita mikononi mwake. Wenye maboti hawakuwa na fedha. Walimlipa mahindi, au ahadi ya dagaa baada ya tarehe 15 Agosti, na mahindi hayo ndiyo nyumba nzima tuliyokuwa tukila. Hupaka ubavu wa chini rangi moja, ya kuhifadhi mbao, kisha katika omo, kwa mabaki ya makopo, huweka kazi yake: mawimbi yaliyofungwa kama ukili, nyota, majani, jina la chombo kwa herufi zenye mikia. Viumbe wenye roho hachori. Babu yake alimkataza, na mas'ala hayo wanachuoni wameyasema, si kazi yangu kuyarudia hapa; niliyoyaona ni kwamba katazo lile halikumpunguzia kitu, lilimsukuma katika mistari, na katika mistari ndiko alikokuwa na nguvu.

Alitaka kwenda Dar es Salaam kuwa mchoraji. Mjomba alitaka abaki ashike randa. Walinikalisha kati yao barazani kama kadhi.

“Rangi haizuii maji kuingia,” mjomba akasema.

“Na mbao bila rangi, babu?”

Mzee akanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kwamba mbao bila rangi huoza.

Nilichokuwa nacho cha kuwapa ni habari tu, nikawapa habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengine. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vibao vya dari vya mafundi wa nyumba, vilivyokatwa miraba ya futi mbili kwa mbili, na rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Jamaa zake na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake ni Oysterbay, na namna ile ya kuchora ikaitwa kwa jina lake hata Ulaya na Japani.

Sikumficha kijana upande wa pili. Mimi nimefika Oysterbay, nikaona picha nzuri, na kando yake nikaona twiga mmoja amechorwa mara mia na mikono mia kwa ajili ya watalii, hata twiga mwenyewe amechoka. Atakayekwenda huko na nyota zake za Wampembe ataambiwa achore twiga, na tumbo litamshauri akubali. Hilo nililisema kwa ukali kidogo, na sasa naona ukali wenyewe ulikuwa wa mtu aliyezoea kuwaambia watoto wasichoweza.

Kijana hakushughulika na twiga. Aliuliza jambo jingine. “Mwaka 1968 hadi mwaka 1972. Yaani alichora miaka minne tu?”

“Minne tu.”

Akarudi katika boti lake. Nami nikabaki nikifanya hesabu isiyomhusu, ya msingi uliochimbwa mwaka 2020.

Waliamuana wenyewe, bila ya kadhi. Kijana angebaki hadi vyombo vya msimu viishe, na babu angempa vibao vya mabaki ya nyumba ile ya zamani, achore juu yake atakalo, kwa sharti kwamba kila kibao akirande na kukipiga msasa mwenyewe mpaka babu akiridhie. Siku ya kuondoka alinipa kimoja, mraba wa futi mbili, buluu na nyeupe, mawimbi. Mgongoni mwake bado pana tundu la msumari wa mlango wa chumba cha wageni, chumba nilicholala nikiwa mtoto. Nikalivaa koti langu la kwanza katikati ya makona, na la pili tulipofika juu.

Nilirudi Sumbawanga usiku. Asubuhi yake nilimwomba mama watoto afuatane nami kiwanjani na kamba. Tukang'oa majani sebuleni. Nikampa ncha moja, nikapima hatua sita, kisha nne, nikapigilia vigingi. Chumba chote cha mjomba kiliingia ndani ya ile sebule yangu, ikabaki nafasi ya baraza, na upande wa pili wa ukuta, palipokuwa pawe chumba cha kulia, kikapatikana chumba cha pili.

Akauliza wakwe watalala wapi.

Nikasema barazani tutawapokea, kulala tutaona.

Hakusema kitu. Aliisogeza ncha ya kamba yake kwa shibiri moja, maana nilikuwa nimeishika upande. Kisha akaketi chini, katikati ya majani tuliyoyang'oa, uso wake akauelekeza Mbizi, akaniambia nisogee karibu na ukuta niweke alama ya dirisha usawa wa macho yake.